Kichwa Kilichouviringisha Mwili

Nilipoanza kuunda roboti yenye umbo la tufe nilikosea mpangilio wa kazi tangu siku ya kwanza: niliunda mwili, nikauona unaviringika vizuri barazani, kisha nikakihesabu kichwa kuwa pambo litakalowekwa juu mwishoni. Imenichukua miezi 11 ya jioni na siku za mapumziko, nyumbani kwangu Dar es Salaam, kuelewa kwamba kichwa cha roboti ya namna hii ni sehemu ya mizani yake nzima, na kwamba kikiinama hata nyuzi chache, mwili lazima uitikie. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na momenti ya kani, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu, nimeiandika ubaoni kwa miaka mingi. Hata hivyo ilinibidi niikute ndani ya tufe ndipo niijue kwa mikono.

Mwili wenyewe hauna siri kubwa. Ndani ya tufe la faibaglasi lenye kipenyo cha sentimita 36 kuna fremu ya alumini inayoning'inia kwenye ekseli mbili zilizofungwa katika kuta zinazotazamana, na chini ya fremu hiyo vimekaa vitu vizito, yaani betri na mota. Mota zinapozunguka huupandisha uzito huo mbele kidogo, nao kwa kutaka kurudi chini hulifanya tufe liviringike. Wazo hili lina umri. Mwaka 1996 Aarne Halme na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, walieleza roboti iliyotembea kwa kusukumwa kutoka ndani ya tufe, na mwaka 1997 Antonio Bicchi na wenzake wa Pisa, Italia, wakatumia kigari kidogo kinachokimbia ndani ya tufe kama panya. Mashine hizo hazikuwa na kichwa, na sasa ninaelewa ni kwa kiasi gani jambo hilo liliwarahisishia kazi.

Kichwa hakiwezi kufungwa kwa skrubu, kwa sababu tufe linazunguka chini yake wakati chenyewe kinatakiwa kubaki juu. Kinachokishika ni sumaku. Katikati kabisa ya tufe, juu ya fremu, nilisimamisha mlingoti mfupi juu ya kifundo ambacho mafundi wa magari hukiita krosi, ili uweze kuinama mbele, nyuma na pembeni. Ncha ya mlingoti ina sahani yenye sumaku tatu zinazokaribia ukuta wa tufe kwa ndani, na chini ya kichwa zimo sumaku nyingine tatu zinazozitazama. Mlingoti ukiinama, kichwa nacho hutambaa juu ya tufe kuufuata. Wa kuuinamisha ni sevo mbili aina ya MG996R zilizokaa ubavu kwa ubavu, kila moja ikisukuma kona moja ya bamba lililo chini ya mlingoti. Zikisukuma pamoja, kichwa huinama mbele. Zikivuta pamoja, hurudi nyuma. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kichwa hulala upande. Sevo ya tatu, ndogo zaidi, huizungusha sahani ya sumaku ili kichwa kitazame kushoto na kulia.

Kwa asiyeifahamu, sevo ni mota yenye gia na kipimo cha nafasi ndani yake: huambiwa iende pembe gani, hujipima, na hujisahihisha hadi ifike. Amri huja kama mipigo ya umeme, mpigo mmoja kila milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni katikati. Ukikaribia 1 inaenda mwisho huu, ukikaribia 2 inaenda mwisho ule. Neno lenyewe lilitoka kwa Mfaransa Joseph Farcot, aliyelitumia mwaka 1873 kwa mitambo ya kusaidia kugeuza usukani wa meli za mvuke. Hupenda kulikumbuka hilo ninapoziona meli zikiingia bandarini, kwa kuwa tatizo ni lile lile: mkono mdogo unatoa amri, na chombo kizito kinapaswa kutii bila kupitiliza.

Fito za kusukumia nilizitengeneza kwa spoku za baiskeli, na sijajuta. Spoku ina uzi wa skrubu kwenye ncha moja pamoja na kinati chake, kwa hiyo urefu wake unarekebishika kwa sehemu ndogo za milimita bila kukata chochote. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mzee anayenyoosha magurudumu kwa kuyasikiliza tu yanapogusa kidole chake, ndiye aliyenichagulia spoku ambazo hazijachoka, akanionyesha namna ya kuzikunja ncha bila kuzipasua.

Kabla ya kununua sevo nilipiga hesabu, na hesabu ilinipa imani. Kichwa cha kwanza kilikuwa na uzito wa gramu 420, na kitovu chake cha uzito kilikuwa sentimita 22 kutoka katikati ya tufe. Sahani na sumaku za ndani zilikuwa gramu 240, umbali wa sentimita 15. Vyote viwili vikiinama kwa nyuzi 25, nguvu ya kuzungusha inayohitajika kuvizuia visianguke ni kama 5.4 kwa kipimo cha kilo-sentimita, yaani kilo zikizidishwa na sentimita za umbali. Sevo ya aina hii hutangazwa kuwa na 9.4 kwa volti 4.8, nami nilikuwa nazo mbili. Niliona ninayo akiba ya kutosha.

Siku ya jaribio la kwanza kichwa kiliinama nyuzi kama 8, kikatetemeka, kikakwama. Sevo zilinguruma na kupata moto, na baada ya sekunde chache bodi ya Arduino Nano, kompyuta ndogo inayoziamuru sevo, ilijizima na kujiwasha upya, ikaanza mwanzo kana kwamba haijawahi kuamriwa kitu. Nilikwenda kwenye tatizo la umeme kwa sababu ndilo lililoonekana. Sevo moja ya aina hii ikikwama huweza kuvuta ampea 2 na zaidi, na kigeuza-volti nilichokuwa nacho kilikuwa na uwezo wa ampea 3 kwa roboti nzima, kwa hiyo volti iliporomoka na bodi ikazimika. Nilirudi Kariakoo mara mbili, nikanunua kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme kidogo wa akiba, kisha kigeuza-volti cha pekee cha ampea 5 kwa ajili ya sevo tu, nikahakikisha nyaya zote hasi zimeunganishwa pamoja ili mipigo iwe na msingi mmoja wa kupimiwa. Bodi iliacha kuzimika. Kichwa kilibaki pale pale, nyuzi 8.

Nilikuwa karibu kuagiza sevo zenye nguvu maradufu. Mzee wa baiskeli alipita kuona spoku zake zinafanya kazi gani, akashika kichwa cha roboti kwa kiganja, akakisogeza taratibu juu ya tufe, akasema, "Mwalimu, hiki kimebanwa. Hata ukifunga mota ya pikipiki, itakula gia kabla haijakitoa." Kisha akaniuliza kama nimepima uzito wa kukiburuta, si uzito wa kukibeba.

Sikuwa nimepima. Nilichukua mizani ya ndoano, ile wanayopimia samaki, nikakivuta kichwa kwa ubavu. Kilianza kusogea mizani ilipofika kilo 1.3. Ukizidisha na sentimita 18 za nusu kipenyo, unapata 23.4. Hesabu yangu yote ya uzito ilikuwa 5.4, na msuguano peke yake ulikuwa zaidi ya mara nne ya hiyo! Sumaku nilizoziongeza kwa furaha ili kichwa kisianguke ndizo zilizokuwa zikikikandamiza juu ya rangi ya tufe kwa kani ya kilo 4.5, na chini ya kichwa nilikuwa nimebandika vipande vya kitambaa ili kisikwaruze. Kitambaa kililinda rangi na kuiua mashine. Hapo nikaelewa kwamba kukwama, moto na kuzimika kwa bodi vilikuwa dalili za ugonjwa mmoja, nami nilikuwa nimetibu dalili ya mwisho kwa fedha na wiki tatu.

Dawa ilikuwa ya bei ndogo sana. Chupa za dawa ya kwapa ya kupaka huwa na gololi ya plastiki mdomoni inayozunguka pande zote, na hicho ndicho hasa kichwa kinachohitaji, kwa sababu hutambaa kila upande na si mbele na nyuma tu. Nilikusanya vichupa vitupu kutoka kwa ndugu na majirani, nikaosha, nikakata midomo yake pamoja na gololi, nikaifunga mitatu kuizunguka sumaku. Mizani ya ndoano sasa ilisoma gramu 150, yaani 2.7 kwa kipimo chetu. Kwa sevo zile zile, kwa programu ile ile, kichwa kilifika nyuzi 25 siku hiyo hiyo. Tangu hapo sipigi hesabu ya mota kabla ya kuvuta kwa mizani kitu kinachotakiwa kusogea, tena kikiwa kimeunganishwa kama kitakavyokuwa kazini.

Kuhusu sumaku nina mengi ya kusema, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha adabu ya vipimo. Nguvu yake hupungua haraka mno kadiri nafasi inavyoongezeka. Kwa sumaku zangu za neodimi zenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa 5, jozi tatu zilivutana kwa kilo 4.5 nafasi ilipokuwa milimita 4, lakini nafasi ilipofika milimita 9 zilibaki kilo 1.6 tu. Ukuta wa tufe langu uliundwa na fundi wa faibaglasi anayeziba boti, naye aliniundia chombo imara, ila unene wake haukuwa sawa: mahali pengine milimita 3, pengine 5. Kwa boti tofauti hiyo si kitu. Kwa kichwa kinachoshikwa na sumaku, ilikuwa sababu ya kudondoka kila tufe lilipozunguka na kufika sehemu nene. Nilipiga msasa kwa ndani kwa siku nyingi, nikiwa nimevaa barakoa na mikono mirefu, maana vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na halifai kuvutwa puani.

Krosi ya mlingoti nayo lazima ikae katikati ya tufe kweli kweli. Yangu ilikuwa imehama milimita 4 pembeni, nami sikuona ubaya wake hadi nilipochora. Mlingoti ukilala nyuzi 25 kuelekea upande mmoja, nafasi ya sumaku hupungua karibu milimita 1.7, na ukilala upande wa pili huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana kichwa kilikuwa kizito kushoto na chepesi kulia, jambo nililolishitakia sevo kwa muda mrefu.

Kuna hila moja niliyoipata baada ya kutazama kichwa kikijigeuza. Kikigongwa, kilizunguka theluthi ya duara, kikanasa tena na kuangalia pembeni, kwa sababu sumaku zote tatu zilielekeza ncha ile ile juu na kila moja iliweza kukaa mahali pa mwenzake. Nikaipindua sumaku moja, ndani na nje. Tangu hapo kichwa kina mkao mmoja tu kinachoukubali, na ukikiweka vibaya kinakataa chenyewe. Niongeze kwamba sumaku hizi ni ngumu lakini hukatika kama kigae: mbili zilirukiana mezani, zikavunjika kingo, na hewa yetu ya chumvi ilianza kuzila mahali ganda la nikeli lilipobanduka. Nilizipaka rangi ya kucha ya binti yangu, kwa ruhusa yake, na kutu haikuendelea.

Baada ya msuguano kuondoka ndipo kosa kubwa lilipojitokeza. Kichwa kikiwa huru, niliamuru kiiname nyuzi 25 mbele. Kiliinama, kisha tufe zima likaanza kuviringika kukifuata, taratibu, likasimama baada ya sentimita 12 hivi, kichwa kikiwa kimelala sana mbele. Mota za kutembelea hazikuwa zimeguswa.

Nilikaa na karatasi usiku ule, na jawabu lilikuwa katika somo la kidato cha pili. Kichwa kiko juu ya kitovu cha tufe na uzito wa betri uko chini yake, na viwili hivi vinavutana kama watoto kwenye pembea ya ubao. Vitu vyangu vya chini vilikuwa kilo 3 kwa umbali wa sentimita 6, yaani 18. Vya juu, kabla ya kuinama, vilikuwa karibu 13. Roboti ilisimama wima kwa tofauti ndogo ya 5 tu, na kichwa kilipotoka kwenye mstari wa wima, mwili ulilazimika kuzunguka nyuzi 40 ndipo ukapata utulivu mpya. Kichwa kingekuwa kizito vya kutosha kuimaliza tofauti hiyo, roboti isingesimama kabisa. Nilikuwa nimeunda mwili bila kumuuliza atakayekaa juu yake.

Nilikwenda soko la samaki la Feri nikanunua chubwi za risasi ambazo wavuvi hutumia kuzamisha nyavu, kilo moja na nusu, nikazifunga chini kabisa ya fremu, sentimita 13 kutoka katikati. Nilichagua chubwi kwa sababu risasi ni nzito kwa ujazo mdogo, na mahali pale palikuwa na nafasi ya vidole vitatu tu. Mwendo wa bila ridhaa ulishuka hadi sentimita 4. Halafu nikakitazama kichwa chenyewe, na hapa ilinibidi niachane na kitu nilichokipenda: kichwa cha faibaglasi kilichong'arishwa vizuri kiliwekwa rafuni. Kipya nilikichonga kwa foamu nyeupe ya kufungashia vyombo vya umeme, nikakifunika kwa tabaka za karatasi za magazeti na gundi nyeupe ya mbao. Asitumie mtu resini ya faibaglasi moja kwa moja juu ya foamu hiyo, kwani huiyeyusha. Kichwa kipya kina gramu 250, na bamba la ndani nimelitoboa likabaki gramu 200. Sasa kikiinama nyuzi 25, tufe husogea sentimita 2, na kwa jicho langu hizo 2 zinaipa roboti uhai, kama mtu anayeegemea anaposikiliza.

Uzito ulipokaa sawa, programu ilikuwa kazi ya kupendeza, nami sitaielezea kirefu. Jambo la msingi ni kutoiacha sevo ikimbie. Ikiamriwa nyuzi 25 kwa mara moja, hufika kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mtikisiko wake huutingisha mwili wote na kukirusha kichwa. Ninaigawa safari hiyo katika hatua 40, moja kila milisekunde 20, hatua za mwanzo na za mwisho zikiwa ndogo na za katikati kubwa. Pia kikomo cha kuinama ninakihesabu kwa mbele na pembeni kwa pamoja, kwa sababu nyuzi 25 mbele zikijumlishwa na 25 pembeni, sevo moja hutakiwa kwenda mbali kuliko spoku yake inavyofika, na spoku hupinda. Kutetemeka kwa sevo kila simu ilipotuma amri kwa Bluetooth kulitokana na bodi kuacha kuhesabu mipigo ili ipokee ujumbe. Niliongeza saketi ya PCA9685, ambayo hutoa mipigo yenyewe bila kuisubiri bodi, na mtetemeko ukaisha.

Lililobaki kubwa ni kukituliza kichwa wakati wa kuondoka. Uzito wa chini ukipanda mbele ili tufe liondoke, fremu yote huinama na mlingoti hurudi nyuma, hivyo kichwa hutupwa kisogoni mwanzoni mwa kila safari. Kihisi cha MPU-6050 kilichofungwa kwenye fremu husoma mwinamo huo, na programu huziambia sevo ziinamishe mlingoti mbele kwa kiasi hicho hicho. Nilipokifunga mara ya kwanza nilikosea alama ya kujumlisha na kutoa, na roboti ikajitupa nyuma kwa nguvu mara mbili. Baadaye nikagundua kwamba mitetemo ya sevo inaingia kwenye usomaji, nikakilaza kihisi juu ya kipande cha sponji.

Krosi yangu bado ina kulegea kwa nyuzi 3 hivi, na kichwa kikifika mahali kilipotumwa huyumba mara mbili kabla ya kutulia. Wiki hii nimekata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli na kuvifunga kutoka kwenye bamba la mlingoti hadi kwenye fremu, vikivuta upande mmoja muda wote ili ulegevu usipate pa kucheza. Mzigo wa sevo umeongezeka kidogo, na nimeupima kwa mizani ya ndoano. Jana jioni roboti ilipanda ukingo wa mkeka, ikavuka, ikasimama mbele ya binti yangu, kichwa kikainama kumtazama na kutulia bila kuyumba. Leo nitafungua tufe nione kama tyubu zimeanza kuchanika kwenye mashimo ya bolti.